Niliwajibu watafiti "hakuna mgonjwa", na mwanangu alikuwa chumba cha pili

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi kijiji kimoja cha Ulanga, mkoani Morogoro, chini ya milima ya Mahenge, si mbali na mto. Naandika usiku kwa simu ya binti yangu. Akiamka nitasema nilikuwa naangalia salio.

Mwanangu wa tatu ana miaka 11. Alipokuwa na miaka 8 alianza kusinzia kichwa. Tumekaa jamvini tunakula, mkono wake uko kwenye sahani, mara kichwa kinashuka, kinapanda, kinashuka tena, kama mtu aliyezidiwa na usingizi mchana kweupe. Tonge linabaki mkononi. Mwanzoni nilimfokea, nikidhani analeta mzaha. Baada ya kama mwaka mmoja ndipo akaanguka, huko mtoni. Alikuwa na bibi yake wanafua, mimi nililetewa habari tu. Tangu siku hiyo anaanguka, wiki nyingine mara moja, wiki nyingine mara tatu. Mwaka jana aliangukia mafiga. Mkono wa kulia umepona, lakini vidole viwili vimeshikana.

Tumezunguka sana. Mganga wa kwanza alimchanja chale, wa pili alitaka mbuzi mweusi, tukauza mahindi tukampa. Zahanati walimpa vidonge vya kifafa vinavyoitwa fenobabitoni. Wiki mbili za kwanza akawa mzito kama mlevi, analala darasani, ila mwezi mzima hakuanguka. Vidonge vilipoisha nikaambiwa havijaletwa, basi tukaacha. Wiki hiyohiyo alianguka mara tano kwa siku moja.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Mwezi uliopita walikuja vijana wawili na mwenyekiti wa kitongoji, wamevaa fulana za mradi, wameshika vishikwambi. Wakasema wanafanya utafiti wa kifafa. Wakauliza: humu ndani kuna mtu amewahi kuanguka akapoteza fahamu? Kukakamaa? Kujikojolea bila kujijua? Kuna mtoto anayesinzia kichwa? Nikamtazama mama mkwe. Akasema, "Hakuna, wanangu, humu wote wazima." Kijana mmoja akanigeukia: "Na wewe mama, unasemaje?" Nikasema hakuna. Mwanangu alikuwa chumba cha pili, mlango tumeuegesha kwa jiwe. Nilimsikia akikohoa. Yule kijana naye alisikia. Akabonyeza, akashukuru, wakaenda nyumba ya pili.

Shangazi, sikufanya kwa roho mbaya. Binti yangu mkubwa, miaka 20, amechumbiwa. Barua imeshajibiwa, mahari tunazungumza baada ya mavuno. Mama mkwe anasema upande wa mume wakisikia kifafa, posa imekufa. Halafu watu hapa wanasema hao wanachukua damu wakauze. Na kuna jingine linaniuma: mimi nina kipandauso tangu usichana, na baba mkwe alipigwa kiharusi mwaka juzi. Mama mkwe anasema ugonjwa wa mtoto umetoka kichwani kwangu, na kwamba tangu niolewe nyumba yake imeingiliwa kichwani. Mtoto anakula sahani yake peke yake kwa sababu tunaogopa mate.

Wale vijana bado wako kijiji cha jirani. Niwafuate? Nitaonekana mwongo. Na hiyo damu je?

Mama wa Ulanga

*

Marahaba, mwanangu.

Wafuate. Nenda kesho, kabla hawajahamia kata nyingine. Mengine tutazungumza ukiwa umeshajua kwamba jibu langu ni hilo.

Uongo usikutie aibu mbele yao. Nilikuwa nesi wa kliniki ya afya ya akili, ambako ndiko wagonjwa wa kifafa wanatibiwa katika hospitali zetu nyingi (na hilo lenyewe huwafukuza wengi, maana nani anataka kuonekana kwenye benchi lile?), na nimewahi kuzunguka nyumba kwa nyumba na wahesabuji kama hao. Huwa wanajua. Wanaona mlango ulioegeshwa, wanaona kovu la moto kwa mtoto anayechungulia. Lakini wamefundishwa kuandika jibu la mwenye nyumba, hawaandiki wanachohisi. Kijana akisikia kikohozi akajaza "ndiyo" kwa kukisia, kazi yote imeharibika. Ukimfuata ukamwambia, "Siku ile nilikuficha," hatashangaa. Atafungua kishikwambi na kukuuliza jina la mtoto.

Na uelewe ile "hapana" yako ilikwenda wapi. Hesabu za namna hii huenda kwa hatua. Kwanza wanauliza kila nyumba maswali machache kama uliyoulizwa. Anayejibiwa "ndiyo" huitwa akaonane na daktari au tabibu aliyefunzwa mambo ya kifafa, ambaye anachambua: hiki ni kifafa, hiki ni kuzimia kwa njaa, hiki ni degedege la malaria lililopita. Aliyejibiwa "hapana" haitwi. Kwa hiyo mwanao hakukosa kuandikwa tu, alikosa kuonwa na daktari mlangoni kwenu, bure, bila nauli ya kupanda Mahenge. Zahanati nayo huagiza dawa kwa kuangalia wagonjwa walio kwenye daftari lake. Unasema uliambiwa vidonge havijaletwa. Sitetei zahanati yenu, kumkatia mtoto dawa ya kifafa ni kosa kubwa. Ila kijiji kinachoficha watoto kumi kinaagiziwa vidonge vya watoto waliobaki.

Hicho unachokiita kusinzia kichwa, mwanangu, hukukiona wewe wa kwanza. Mwaka 1960 daktari mmoja mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa hapohapo Mahenge. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya moto kama la mwanao, wengine wametengwa wanaishi peke yao, wanapewa chakula kando kwa sababu watu waliogopa mate yao. Unaona? Sahani ya peke yake ina umri mkubwa kuliko mama mkwe wako. Aliwapa fenobabitoni, wengi wakapata nafuu, na wakati huohuo akaandika kuhusu watoto wa Wapogoro ambao kabla ya kuanza kuanguka walikuwa wanainamisha kichwa mara kwa mara. Ulaya na Marekani hawakulitilia maanani kwa miaka mingi. Baadaye akaja Andrea Winkler, daktari wa mishipa ya fahamu, akawachunguza tena watoto na vijana wa Mahenge wanaosinzia kichwa, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 2008. Yaliashiria kwamba ule uinamaji si usingizi wala mzaha, ni kifafa chenyewe kinachojitokeza kwa sura ndogo. Wakati huo Uganda ya kaskazini na Sudan Kusini nako kulikuwa na watoto wa hivyohivyo, kwa maelfu.

Kwa hiyo ulipomfokea juu ya lile tonge, ulimfokea mtoto aliyekuwa na kifafa wakati uleule. Sikulaumu. Madaktari wenyewe walichukua miaka mingi kulielewa.

Sasa kwa nini Ulanga? Mto. Umesema unaishi karibu na mto, na mtoni ndiko wanakozaliana wale inzi wadogo weusi wanaouma na kueneza usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaopofusha macho. Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao wa Ubelgiji walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vinne vya huko kwenu. Vijiji viwili vya ndani, Mdindo na Msogezi, vilikuwa na wagonjwa wa kifafa kama 35 katika kila watu 1000. Vigoi na Matumbala, vilivyo karibu na mji wa Mahenge, vilikuwa na kama 15. Usubi nao ulikuwa mwingi zaidi kule ndani. Jinsi minyoo ya usubi inavyofika kuuchokoza ubongo bado wanasayansi wanabishana, lakini kwamba viwili hivyo hutembea pamoja, kifafa cha kuanza utotoni na usubi, limeonekana Tanzania, Uganda, Kamerun na Kongo.

Hapo unaona kazi ya vile vidonge vya Mectizan vinavyogawiwa kijijini, ambavyo najua kuna nyumba vinatupwa kwenye shimo la choo mgawaji akigeuza mgongo. Vile vya usubi ndivyo hivyo. Mgawaji anakuja na fimbo yake ya kupimia urefu, anamsimamisha mtoto, anasoma ni vidonge vingapi. Waliopita miaka mitano wote wameze, isipokuwa wajawazito, anayenyonyesha mtoto mchanga na mgonjwa mahututi. Havitamponya huyu aliyekwisha kuanza kuanguka. Ila una wengine watatu.

Usinielewe kwamba kifafa chote ni usubi. Huyohuyo Winkler alifanya kazi miaka mingi Haydom, kule Mbulu, wanakofuga nguruwe, na wagonjwa wa kifafa walipopigwa picha za kichwa, karibu mmoja kati ya sita alikutwa na alama za mayai ya tegu wa nguruwe yaliyokua ndani ya ubongo. Kwingine ni mtoto aliyechelewa kulia wakati wa kuzaliwa, au malaria iliyopanda kichwani, au aliyeanguka na pikipiki. Na wapo wasioonekana sababu hata kwa mashine. Mseme mganga wenu wa mbuzi mweusi mtakavyo, lakini hata hospitali ya rufaa daktari huwa anamwambia mzazi, "Sababu sijaiona, matibabu ninayo."

Matibabu yenyewe. Ile fenobabitoni ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912 na mpaka leo ndiyo dawa ya bei ndogo kuliko zote za ugonjwa huu. Uzito uliouona wiki mbili za kwanza ni wake: mwili unaizoea, na ikizidi tabibu hupunguza. Watoto wengine badala ya kulala huwa watukutu kupita kiasi, nako unaripoti, usikae kimya. Kosa halikuwa dawa. Kosa lilikuwa kukatika ghafla. Fenobabitoni ikikatwa kwa siku moja, ubongo uliozoea breki unashuka mlima bila breki, na zile mara tano kwa siku moja ndizo hizo. Wapo wanaoanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na wapo wasiorudi. Kwa hiyo akianza tena, hesabu vidonge. Vikibaki vya wiki mbili, unarudi. Ukiambiwa havijaletwa, mwambie mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, akuandikie barua ya hospitali ya wilaya siku hiyohiyo, wala usiondoke na "rudi wiki ijayo". Dawa huendelea hata kama haanguki. Kupunguza huzungumzwa akikaa kama miaka miwili bila kuanguka, na hupunguzwa kidogokidogo kwa miezi.

Kupona kabisa sikuahidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuna watu kama milioni 50 wenye kifafa, karibu asilimia 80 wako nchi kama zetu, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kupewa dawa inavyotakiwa. Watoto wanaosinzia kichwa wengine huwa wagumu zaidi, wanahitaji dawa ya pili. Mwezi mmoja bila kuanguka kwa dawa ya zahanati, bila picha wala mtaalamu, mimi nauona ni dalili nzuri.

Mate hayaambukizi. Wala mkojo, wala ushuzi, wala kumshika anapokakamaa. Nimewashika mamia, nimelowa mapovu mpaka kwenye saa. Rudisha sahani moja leo jioni. Akianguka, sogeza vitu vigumu, mweke kitambaa chini ya kichwa, mtetemo ukilegea mgeuze ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko mdomoni, utamvunja meno au utaukosa ulimi ukaumia wewe. Asipewe maji. Asinusishwe kiatu wala kitunguu. Tazama saa ya simu: ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni pikipiki na hospitali. Na mafiga yale, mwanangu, inua jiko. Udongo na matofali machache hadi kiunoni, wanaume wa nyumba wanaweza kulimaliza Jumamosi moja. Vidole viwili vinatosha. Mtoni asiende peke yake.

Kuhusu damu. Utafiti wa binadamu hapa nchini hauruhusiwi bila kibali cha maadili. Waombe wakuonyeshe. Kabla ya kumgusa mtoto lazima wakusomee fomu ya ridhaa kwa Kiswahili unachokielewa: damu kiasi gani, itapimwa nini, itahifadhiwa wapi, inasafirishwa au haisafirishwi. Nakala moja ni yako, ina namba ya simu. Mtoto wa miaka 11 naye huulizwa kama anakubali. Unaweza kukubali maswali ukakataa damu. Unaweza kukubali leo ukajitoa mwezi ujao, na matibabu ya mtoto hayaguswi. Akija mtu akakwepa maswali hayo, huyo mfungie mlango, na jiwe uongeze. Lakini wengi wanachotafuta kwenye tone lile la damu ni ile kinga ambayo mwili huitengeneza ukiingiwa na usubi.

Kipandauso chako hakikumpa mtoto kifafa. Ni maradhi mengine, ya wanawake wengi kuliko wanaume, na yamejaa vijijini kwetu ingawa hakuna anayeyahesabu kama ugonjwa. Wanaume huyaita uvivu. Hujaniambia unatumia nini. Kama ni Panadol kila siku, punguza: dawa za maumivu zikimezwa zaidi ya siku kumi na kitu kwa mwezi, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Kiharusi cha baba mkwe nacho nadhani kina baba mmoja anayejulikana, presha. Utafiti wa Hai na Dar es Salaam uliochapishwa 2010 ulikuta kiharusi Dar kingi kuliko hata nchi nyingi tajiri, na shinikizo la damu lisilotibiwa mara nyingi ndilo huwa mstari wa mbele. Amepimwa presha tangu apigwe? Mama mkwe je? Kama hapana, kuna kazi kubwa zaidi ya kutafuta nani aliingiza nini nyumbani.

Sasa binti. Umenieleza posa yake mistari mitano na hujasema yeye anasemaje. Ana miaka 20, simu unayoandikia ni yake, na mdogo wake akianguka usiku nadhani yeye ndiye anayeamka. Mwulize. Inawezekana mchumba ameshaambiwa siku nyingi. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 ina kifungu kinachoruhusu ndoa kubatilishwa kama mmoja wa wanandoa alikuwa na kifafa cha mara kwa mara wakati wa kuoana, kimewekwa pamoja na wazimu, na kila nikikikumbuka nakasirika. Lakini hata kifungu hicho kinasema juu ya bwana na bibi harusi. Hakimtaji mdogo wa bibi harusi. Upande wa mume wakivunja kwa ajili ya mtoto wa miaka 11, mahari yao mngeyala kwa wasiwasi. Wakigundua baada ya harusi kwamba mlimfungia chumbani, hasira zao zitaishia kwa binti yako akiwa ugenini. Mimi ningesema mapema, kabla ya vikao vya mahari, na msemaji awe mjomba mwenye sauti tulivu, asiwe wewe.

Mama mkwe usipigane naye. Yeye alisema "humu wote wazima" kwa mjukuu wa kike, wewe ulisema kwa kumwogopa yeye, na wote wawili mlikuwa mnamlinda mtu. Ninamhitaji. Mtafiti au tabibu akimwona mtoto, mashine haitakuwa jambo la kwanza. Kile kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kutoka safi kabisa siku ambayo mtoto hajaanguka, na picha ya kichwa iko mbali na ni ghali. Kifafa kinatambuliwa kwa masimulizi ya aliyeona. Watakuuliza: mara ya kwanza alianzaje? Aligeuza macho upande gani? Mkono upi ulitangulia kutetemeka, au mwili wote kwa pamoja? Alilia kabla ya kuanguka? Alikojoa? Alichukua muda gani kukutambua? Wewe hujui, ulikuwa nyumbani. Mchukue bibi yake uende naye, na wakiuliza nani alikuwepo siku ile mtoni, wewe nyamaza.